Asidi ya Nitriki na Wale Waliosema Hawajambo

Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu pale ghalani Nansha, bandari ya Guangzhou, ameniomba niwaandikie ninyi mnaofungasha mizigo ya hatari. Alisema nianze na asidi ya nitriki, kwa sababu katika miaka yangu yote niliitaja hiyo kuliko nilivyowataja wanangu. Ni kweli. Wanangu hawakuwahi kunitisha kiasi hicho.

Nilitoka Tanga kuja Guangzhou kusoma kemia. Nilipomaliza nikaajiriwa na kampuni ya kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu, wale wanaochangia kontena moja watu kumi au kumi na watano. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kitu gani kinaingia ndani ya kontena, na kitu gani hakitakiwi kulala karibu na kitu gani. Siku ya kwanza nilifika nimevaa koti jeupe la maabara na viatu vya wazi, nikajiona mtaalamu. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa Liang, mkuu wa mafundi wa ghala, mwembamba, mwenye kikohozi kidogo kisichoisha. Wachina mtu wa namna hiyo humwita shifu, yaani fundi anayefundisha wengine, na mimi nilimwita hivyo mpaka mwisho. Hakunisalimu. Alinitazama miguu, akaenda nyuma ya makabati, akarudi na buti za mpira ambazo ningeweza kulala ndani yake.

"Asidi ikimwagika haipandi mezani," akasema. "Inashuka chini. Vaa."

Nikavaa. Siku ile nzima nilitembea kama bata, na sikumaliza wiki kabla sijamshukuru.

Somo lake la pili lilikuwa kuinua vitu. Alinipa chupa mbili za kioo cha kahawia za nusu lita, moja ina maji, nyingine ina asidi ya nitriki kali, zote zimefungwa na hazina lebo. Akaniambia nifumbe macho niseme ipi ni ipi. Nilijua kitabuni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na lita moja ya asidi ile, ile ya asilimia sitini na nane inayouzwa madukani, inakaribia kilo moja na gramu mia nne. Lakini kulijua jambo hilo kitabuni na kulijua kwa kiganja ni vitu viwili. Shifu alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, kile kinachozama kidogo kimiminika kikiwa kizito na kuzama sana kikiwa chepesi, na alikitunza kwenye soksi ya mtoto ili kisivunjike. Lakini kipimo alikitumia kuthibitisha tu. Kwanza aliinua. Mara nyingi nilimwona akibeba boksi lililoandikwa sabuni ya maji, akasimama nalo kidogo, kisha akaliweka kando na kuniambia, "Sabuni hii imekula sana."

Niwaeleze polepole asidi yenyewe ni nini, maana wengine mmekuja kazini mkijua namba yake kwenye lebo bila kuijua tabia yake.

Ikiwa safi haina rangi. Ikikaa kwenye mwanga inaanza kuvunjika na kuwa ya manjano, ndiyo maana chupa zake ni za kioo cha kahawia. Ukiifungua inatoa mvuke mkali puani. Ikigusa ngozi inaichoma na kuiacha na doa la manjano ambalo sabuni haitoi. Linaondoka ngozi ile ikibanduka. Mwaka wangu wa kwanza tone moja lilinipata kwenye kidole gumba cha kushoto, na kwa wiki kadhaa kina mama wa Dar waliokuja kuleta mizigo waliniuliza kwa nini nimepaka hina kidole kimoja. Ikikupata wewe, maji ya bomba yanayotiririka, robo saa nzima bila kukatisha, na usisubiri kumtafuta mtu wa kumuuliza.

Inakula shaba na fedha, lakini dhahabu haiigusi. Kumbukeni hilo, maana ndiyo sababu watu wa kwetu wanaitaka. Ukiweka mchanganyiko wa dhahabu na fedha ndani yake, fedha inayeyuka na dhahabu inabaki chini. Wanunuzi wadogo wa dhahabu huko Kahama, Geita na Chunya wanaitumia hivyo, wengi wao kwenye vyumba visivyo na dirisha la maana. Chuma cha pua huoshwa kwayo kisishike kutu. Viwanda vya hapa huitumia kusafisha metali na kutengeneza rangi. Miamba hupasuliwa kwa baruti zinazoanzia kwake. Lakini sehemu kubwa kabisa huishia kwenye mbolea. Mahindi mengi yaliyowahi kuliwa duniani yana deni kwake, na mimi sitaki mwisho wa maandishi haya muione kama shetani. Ni kitu chenye kazi kubwa ambacho hakisamehe kufungashwa vibaya.

Jinsi inavyotengenezwa nilifundishwa chuoni kwa mishale ubaoni, lakini niliielewa siku Shifu aliponipeleka kwenye kiwanda cha mbolea alichofanyia kazi ujanani, mwendo wa saa kadhaa nje ya mji. Alinionyesha tundu dogo la kioo, akaniambia nichungulie. Ndani kulikuwa na wavu wa platini, mwembamba kama chandarua, unawaka rangi ya chungwa bila moto wowote chini yake. Amonia iliyochanganywa na hewa inapita hapo, inaungua, inatoka gesi isiyo na rangi. Gesi hiyo inapoozwa, inakutana na hewa zaidi, inageuka kahawia. Kisha inapandishwa kwenye mnara mrefu ambao ndani yake maji yanashuka. Maji yanaimeza ile gesi ya kahawia, na chini ya mnara inatoka asidi. Shifu alinieleza pia kwamba siku ya kubadili wavu, vumbi lote la chini hufagiwa kwa brashi laini na kukusanywa, maana platini inapukutika. "Hiyo ndiyo siku pekee," akasema, "wakubwa walikuwa wakija kututazama tukifagia."

Pale chini ya mnara ndipo aliponiambia jambo ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Alisema, "Ule moshi wa kahawia ni asidi ambayo haijamaliza safari. Inatafuta maji. Kiwandani tunaipa maji ya mnara. Ukiivuta, inayapata kifuani mwako."

Akanieleza hatari yenyewe iko wapi. Klorini ikivuja, au amonia, macho na koo vinawaka papo hapo, na mtu anakimbia hata kama hajasoma. Gesi hii ya kahawia haiyeyuki haraka kooni. Inakukohoza kidogo, kisha inateremka mpaka chini kabisa ya mapafu, kwenye vijifuko vyembamba vya hewa, na huko inafanya kazi yake taratibu. Mtu anakunywa maji, kikohozi kinatulia, anasema hajambo. Baada ya saa nne, au kumi, au hata siku nzima, mapafu yanaanza kujaa maji yake mwenyewe. Na akiwa amefanya kazi nzito katika saa hizo, yanajaa upesi zaidi. Shifu alikuwa amemzika mwenzake kwa namna hiyo. Alimtaja jina, akanionyesha hata benchi walilokuwa wakikaa pamoja.

Sasa niwasimulie siku yenyewe.

Mnajua desturi ya kontena la kuchangia, na kwa wale wageni nitaieleza. Kila mtu analeta marobota yake, ameandika jina lake au la duka kwa kalamu nene. Anapewa sehemu yake ndani ya kontena, na sehemu hiyo hawezi kuiacha na nafasi tupu. Basi kila upenyo unajazwa nguo. Wakinunua vyombo vya kioo, katikati wanasokomeza fulana za Shahe, soko la nguo za jumla. Wakinunua taa, wanazivika jinzi. Inapendeza kuona, vitu vinafika salama, na nguo nazo zinauzwa. Desturi ya pili ni kwamba hufungui robota la mwenzio. Lenye jina la mtu limefungwa na mtu huyo, na kulichana mbele za watu ni kama kumwita mwizi. Mimi mwenyewe niliiheshimu desturi hiyo. Niliwauliza watu, wakanijibu, nikaandika walichonijibu.

Kulwa alikuwa mfanyabiashara wa Kahama, mnene kidogo, mcheshi, anakuja mara mbili kwa mwaka kununua simu na nguo za duka la mkewe. Asubuhi hiyo alileta marobota yake kutoka Shahe kwa kigari cha kukodi. Ndege yake ilikuwa jioni, uwanja wa Baiyun, upande wa pili kabisa wa mji, na visa yake ilikuwa inaisha kesho yake. Nikamuuliza kuna nini ndani, akasema nguo, na katikati siki ya kusafishia vioo, chupa kumi na mbili. Nikaandika siki. Shifu hakuwapo kwenye kupokea, alikuwa ndani ya ghala akipanga. Angeliinua robota lile mkono mmoja tu, mngekuwa mnasoma maandishi mengine.

Chupa zile zilikuwa za asidi ya nitriki. Ziliagizwa na mnunuzi wa dhahabu wa kwao, Kulwa akazipata kwa mtu asiye na kibali cha kuziuza, akazifunga vizuri sana kwa namna anayoijua yeye: kila chupa ameivika fulana tatu za pamba na suruali ya jinzi. Mtu ambaye hajafundishwa angesema hakuna ufungashaji salama kuliko huo. Lakini asidi ya nitriki kali na pamba havikai pamoja, wala na karatasi, wala na maranda ya mbao. Inazila, zinapata moto, na zikipata moto zinatoa ule moshi wa kahawia. Chupa ya asidi huzungushiwa kitu kisichoungua, chembe za madini au mchanga mkavu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nguo ni jambo la mwisho duniani.

Robota jingine lilipowekwa juu ya lile la Kulwa, kifuniko kimoja kikapasuka.

Nilikuwa ofisini, karibu na lango la mbele, nikasikia Shifu akiniita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Rehema. Kahawia." Nikatoka. Katikati ya marobota moshi ulikuwa unapanda, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikapiga kelele watu watoke kuelekea upepo unakotoka, wakatoka wote, isipokuwa Kulwa, ambaye alikimbilia ndani akaanza kuvuta marobota yake yenye simu. Shifu akamfuata. Alijifunga kitambaa kibichi puani, jambo ambalo kwa gesi hii halisaidii, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba halisaidii. Barakoa yenye kichujio ilikuwa kabatini, upande ule ule wa moshi. Akamtoa Kulwa kwa kumshika ukosi wa shati. Kisha akarudi kufungua lango la nyuma hewa ipite. Kisha akarudi tena na mpira wa maji, akalilowesha lile robota mpaka likaacha kufuka. Kwa yote hayo haikupita robo saa.

Walipotoka, wote wawili walikohoa, wakasukutua, wakanywa maji. Kulwa akaanza hata kutania.

"Mama, siki ya kwenu huku kali."

"Hiyo siyo siki, Kulwa. Unaijua ni nini."

Akatazama chini. "Najua."

"Panda gari. Twende hospitali."

"Hospitali ya nini? Mimi mzima. Nitazame." Akajipiga kifua. "Nina ndege jioni. Visa inaisha kesho. Nikilala humu wewe utakuja kunitoa kwenye mikono ya polisi?"

"Nitakuja. Hospitali wataandika barua. Panda gari."

"Mama, nakuheshimu. Lakini hapana."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi, mnara, maji, vijifuko vya hewa. Alinisikiliza kwa adabu huku akitazama saa yake. Basi nikamuuliza kwa utulivu, "Mkeo anaitwa nani?"

"Mama Ester. Kwa nini?"

"Nipe simu."

Hakutaka kunipa. Nilikuwa na namba ya mkewe kwenye karatasi za mzigo, nikapiga mwenyewe. Kwao hakukuwa hata kumepambazuka. Nikamwambia yule mwanamke mimi ni nani, mumewe amevuta kitu gani, na kwamba kikianza kumzidi akiwa angani hakuna atakayeweza kumsaidia. Sikupamba. Akauliza swali moja tu.

"Sasa hivi anakohoa?"

"Ameacha. Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

"Nipe niongee naye."

Nikaweka sauti ya wazi. "Baba Ester," akasema. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mama, hawa wanakuza jambo, mimi—"

"Sijakuuliza. Panda gari la huyo mama. Ukipanda ndege leo, ukifika hapa usinikute."

Kulwa akaitazama simu, akanitazama mimi, akaokota begi lake.

Hapo ndipo Shifu alipozungumza. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anakunywa chai kutoka kwenye chupa yake. Akaniambia, "Asitembee. Msimpandishe ngazi. Kama kuna ghorofa, akae kwenye kiti cha magurudumu. Na waambie madaktari neno hili," akanitajia jina la gesi kwa Kichina, akanilazimisha nilirudie mpaka likakaa sawa, kwa sababu lafudhi yangu hakuiamini kamwe.

Nikamuuliza, "Hapa utafunga?"

"Nitafunga," akasema. "Nitamwaga magadi, nitafagia, nitafunga."

Nikamwachia funguo.

Nimelirudia tendo hilo kichwani kuliko lolote katika maisha yangu ya kazi. Nilisimama mbele ya watu wawili waliovuta gesi ile ile. Mmoja aliingia mara moja, mwingine mara tatu. Yule wa mara moja nilimwamshia mkewe alfajiri. Yule wa mara tatu nilimpa funguo na ufagio. Si kwamba haraka ilinisahaulisha; sikuwa na haraka kiasi hicho. Sikumuuliza kwa sababu alikuwa ndiye anayejua. Yeye ndiye aliyenifundisha, angekuwa na jambo angesema. Na kikohozi chake nilikuwa nacho masikioni miaka yote, kwa hiyo siku ile kilipoongezeka sikukisikia.

Hospitali walimpiga Kulwa picha ya kifua. Ilitoka safi. Daktari, kijana mwanamke mwenye sauti ya upole, alisema kwamba safi ya saa hizi haimaanishi kitu, akamlaza kitandani na kumkataza kunyanyuka. Kulwa alinuna. Kila baada ya muda aliniambia ndege yake imebakiza saa ngapi. Mchana akala wali, akanitania kwamba nimemtengenezea ugonjwa. Ilipofika alasiri, nikiwa natafuta mahali pa kuswali, niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Nikamgeuza uso kuelekea dirishani. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Kulwa?"

"Mama," akasema, akavuta pumzi. "Kuna kitu," akavuta tena, "kimenikalia."

Daktari na wenzake walifika kabla sijamaliza kubonyeza kengele. Wakamwekea oksijeni, wakamkalisha, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Nikabaki na begi lake kwenye korido. Nilikuwa nimeshukuru Mungu kwa pumzi moja tu, kwamba yupo hapa na hayupo Baiyun, wakati jina la Shifu liliponijia.

Simu yake haikupokelewa. Nikampigia mkewe. Akasema ndiyo, alirudi saa nane baada ya kumaliza usafi, alikula kidogo, alisema amechoka, amelala.

"Mwamshe," nikamwambia.

"Mzee amechoka. Amefagia ghala peke yake."

"Tafadhali. Mwamshe."

Nikasikia nyayo zake, nikasikia akimwita. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa nyingine. "Anakoroma," akasema, "lakini kama yuko ndani ya maji."

Gari la wagonjwa lilimfuata. Lilimkuta bado anapumua. Alifariki asubuhi ya kesho yake, katika hospitali nyingine, na mimi sikuwahi kumwona tena akiwa hai, kwa sababu nilikuwa nimekaa na Kulwa.

Kulwa alipona. Siku ya nne alianza kuongea sentensi nzima. Alihojiwa na polisi akiwa kitandani, akakiri kila kitu, akaadhibiwa kwa sheria za hapa, na baadaye akarudishwa nyumbani. Ghala letu lilifungwa kwa muda, na mimi pia nilihojiwa, kwa haki kabisa, kwa nini niliandika siki bila kufungua. Nilijibu ukweli: kwa sababu robota lilikuwa na jina la mtu. Mhoji aliniomba nilieleze jibu hilo mara tatu, na kila mara nilipolieleza lilizidi kuonekana la kipuuzi. Tangu tulipofungua tena nilifungua kila kitu. Wapo walionikasirikia, wapo waliohamia kwa wasafirishaji wengine. Mmoja kutoka Zanzibar aliniuliza kama kwetu Tanga hatukufundishwa kuona haya. Nilimwambia tulifundishwa, na nikaendelea kukata kamba.

Kulipokuwa kumetulia nilienda kwa mjane wa Shifu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi kwa Kichina, nimeyaandika. Hakuniacha niyasome. Alinimiminia chai, akaniuliza, "Yeye ndiye aliyekwambia umpeleke yule mgeni?"

"Ndiyo. Aliniambia hata asitembee."

Akaliweka birika mezani.

"Basi alijua," akasema.

Kwa nini hakusema, mpaka leo nakisia tu. Huenda alijua akadhani yeye amezoea. Huenda alisubiri mtu amuulize. Wafanyakazi wa zamani wa viwanda vile wana namna ya kuihesabu miili yao kama chombo kilichokwisha pimwa zamani. Lakini nimewaandikia haya si ili mmwombolezee mtu msiyemjua. Nataka mkumbuke kwamba siku ya moshi wa kahawia, asiyeulizwa ni yule mnayemheshimu kuliko wote.

Kwa sababu hiyo tukaweka utaratibu mnaoufahamu, ule wa kuhesabu vichwa. Moshi ukitokea, mtu mmoja aliyebaki nje anahesabu waliokuwa ndani, kwa majina, na idadi hiyo hiyo inapanda gari. Hakuna kuuliza unajisikiaje. Hakuna mkubwa. Mlipoanza kazi mlinicheka kwamba nawafundisha kuhesabu watu wazima kama watoto wa chekechea, na niliwaacha mcheke, mradi mlihesabu.

Mwaka jana, mtaukumbuka, tulipokea shehena halali ya asidi kwa ajili ya kiwanda cha kuosha mabomba ya chuma cha pua. Karatasi zote safi, kibali kipo, ufungashaji mzuri. Pipa moja lilikuwa na kifuniko chenye ufa, asidi ikadondokea kwenye kipande cha shaba kilichosahaulika sakafuni, na kahawia ikapanda. Kidogo tu. Nilikuwa mlangoni, nikaamuru watoke, tukairushia magadi kutoka mlangoni, ikaisha. Neema, ambaye huniita shangazi, alikuwa nje na karatasi yake ya kuhesabia.

"Wanne," akasema. "Juma, Xiaomei, Baraka, shangazi. Gari hilo hapo."

Nikamwambia, "Watangulie hao watatu. Mimi nilisimama mlangoni."

"Mlangoni ni ndani."

"Neema, nimekaa na asidi hii kabla hujajua kusoma. Hiki hakikufika hata puani."

"Sawa, shangazi. Panda."

"Kuna kontena linaondoka saa nane, nani atasaini?"

"Mimi."

"Neema."

Hakupandisha sauti. Alikuja akanishika kiwiko, kama anavyoshikwa mgonjwa, mbele ya wapakiaji wote. Nilihisi uso unaniwaka. Kwa kweli nilikasirika. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa mdomoni kuhusu nani alimfundisha nani kazi, na ilikuwa imefika kwenye meno. Kisha nikajiona mwenyewe, mwanamke mtu mzima, amesimama karibu na moshi, anaeleza kwa nini yeye hahusiki.

Nikapanda. Tulilazwa wote wanne saa ishirini na nne. Juma alikoroma, Xiaomei alicheza na simu, Baraka alilalamikia chakula, na daktari aliyesikiliza kifua changu hakusikia kitu chochote, asubuhi wala jioni. Neema alipokuja kutuchukua alikuwa na wasiwasi kidogo. Akaniuliza kama nimemkasirikia.

Nikamwambia nilikasirika, ndiyo, na kwamba alikosea jambo moja. Aliniacha niongee mpaka mwisho. Siku nyingine mkubwa wako akianza kukueleza kwa nini yeye si wa kuhesabiwa, usimsubiri amalize. Mshike mkono akiwa bado anaongea.